Handaki la London halitaisafisha Msimbazi

Ninaishi Stratford, mashariki mwa London, si mbali na Abbey Mills, mahali linapoishia handaki jipya la majitaka la Tideway ambalo lilikamilishwa kuunganishwa Februari 2025. Lina urefu wa kilomita 25 na kipenyo cha mita 7.2, na kwa sehemu kubwa limepita chini ya mto Thames wenyewe. Tangu habari zake zienee, nimewasikia Watanzania wenzangu wakiuliza kwa nini Dar es Salaam nayo isichimbe lake ili kuuokoa mto Msimbazi. Mimi ni mzaliwa wa Kigogo, kando ya mto huo, na kwa maoni yangu swali hilo limelenga shimo lisilo lenyewe.

London ina tatizo la bomba. Mwaka 1858 uvundo wa Thames ulizidi hadi mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa ya klorini, na ndipo wabunge walipompa mhandisi Joseph Bazalgette fedha za kujenga mfumo ambao unatumika hadi leo. (Bunge letu liko Dodoma, harufu ya Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, haifiki huko.) Katika mfumo ule, maji ya mvua na ya chooni hupita njia moja, na mvua ikizidi, ziada huachiwa iingie mtoni ili isirudi ndani ya nyumba. Handaki hudaka ziada hiyo na kuipeleka kusafishwa katika mtambo wa majitaka wa Beckton.

Dar es Salaam, mabomba ya majitaka yanawafikia wakazi wachache tu, hasa wa katikati ya jiji. Sisi wengine tulikulia kwenye choo cha shimo, na shimo likijaa, gari la majitaka lilikuwa ghali na uchochoro ulikuwa mwembamba, kwa hiyo mwenye nyumba alisubiri mvua ya usiku. Kutapisha choo hakuhitaji maelezo kwa mtu wa bondeni: tundu linatobolewa ubavuni mwa shimo, mafuriko yanabeba kilichomo, na asubuhi kila mtu anafanya kama hakuona. Nilishika taa katika kazi hiyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sikumbuki mtu mzima yeyote aliyeiona kuwa uhalifu, maana njia nyingine ilikuwa kuacha choo kifurikie uani ambako watoto walicheza.

Kwa hiyo handaki lingechimbwa chini ya Jangwani lisingepata cha kudaka. Kilichonivutia huku ni jinsi lilivyolipiwa. Gharama yake imegawanywa katika bili za majitaka za wateja wote, hata anayeishi mbali na mto, kwa sababu mto ni wa wote. Kwetu, mpangaji wa Vingunguti anabeba peke yake bei ya kunyonya shimo, ilhali akishindwa, uchafu wake unashuka hadi baharini karibu na daraja la Salenda, mlangoni mwa watu wa Upanga na Oysterbay ambao hawakuchangia hata shilingi. Ningependa kuona tozo ndogo katika bili za maji za jiji zima ikilipia unyonyaji wa mashimo, pamoja na pampu za mkono na guta kwa vichochoro visivyoingilika kwa gari, na vituo vya karibu vya kumwagia kabla ya safari ya kwenda mabwawa ya Vingunguti. Pale ambapo nyumba zimesongamana mno, mabomba membamba yanayofukiwa kina kifupi yangefaa kuliko kusubiri bomba kuu. Najua wakazi wa Masaki watalalamika kulipia choo cha Kigogo. Wa London nao wamelalamika, na bili zimelipwa.

Dada yangu amechimbiwa shimo jipya mwaka huu. Ukubwa wake uliamuliwa na fundi, na mahali pake paliamuliwa na nafasi iliyobaki kati ya jiko na ukuta wa jirani, hatua chache kutoka mtoni.