Kabla hujatumia hicho kina cha Kiingereza, jua maana yake kwanza

Siku hizi madogo wengi wanaandika mistari ya Kiingereza, wengine rap wengine mashairi ya shuleni, na wakikwama kwenye neno gumu wanafungua apu ya vina kwenye simu, neno la kwanza likitokea tu wanalibandika hivohivo. Mi apu siipingi, ila kubandika neno ambalo maana yake huijui hapana kwa kweli, huko ni kumdharau anayekusikiliza.

Chukua purple, yaani rangi ya zambarau. Utasikia watu wanasema eti halina kina, si kweli, yapo hirple na curple, yote yametoka Uskoti. Hirple ni kutembea kwa kuchechemea. Curple ni makalio, hasa ya farasi, na usidhani ni maneno ya kutungwa juzi, Robert Burns, mshairi wa Uskoti aliyekuwa pia mkulima, alikutanisha curple na purple mwaka 1787 alipokuwa anamjibu mama mmoja aliyemuahidi shuka la kujifunika, akamwambia likining'inia mpaka makalioni ataringa nalo kuliko zambarau ya kifalme. Ona linavyokaa! Makalio ya mkulima upande huu, vazi la mfalme upande ule, maana ndo inafanya kazi pale. Sasa ukilichukua hilohilo ukaliweka kwenye wimbo wa kumsifia bibi harusi umeharibu shughuli.

Silver nalo wanasema halina mwenzake, lipo chilver, yaani mwanakondoo jike. Orange ina sporange, neno la wataalamu wa mimea, kile kifuko kinachobeba spora, zile chembe ambazo mimea kama kangaga huzaliana nazo, alafu kuna mlima kule Wales unaitwa Blorenge.

Kinachotusumbua sana sisi ni kwamba tumezoea vina vya kwetu. Kwenye ushairi wa Kiswahili silabi ya mwisho ikilingana umemaliza, pita na kata ni "ta" na "ta", safi kabisa. Kiingereza hakiendi hivyo, sauti inatakiwa ilingane kuanzia ile irabu yenye mkazo mpaka mwisho wa neno, ndo maana people na purple ukizitamka Kiswahili zinatoka pipo na papo, kina cha "po" unakiona kabisa, lakini kwa Mwingereza hapo hakuna kina, maana ile sauti ya mkazo mwanzoni haifanani. Na usifuate herufi jamani, cough, though na bough zote zinaishia na herufi zilezile na hakuna hata mbili zenye kina kimoja, wakati blue na through haziendani hata kidogo kwa macho ila sikio linazikubali. Kwa hiyo tamka kwa sauti, kila mara, tena bonyeza kile kispika cha kamusi usikie wenyewe wanavyosema.

Rapa wa Marekani Eminem alionyesha kwenye mahojiano ya TV mwaka 2010 anavyoifanya orange, anavuta matamshi mpaka inaendana na door hinge, yaani bawaba ya mlango, na zote ni za kawaida, hakuna anayehitaji kamusi kuelewa. Hiyo naipenda kuliko kwenda kuokota sporange ambayo hata muimbaji mwenyewe hajui ni kitu gani. Na ikigoma kabisa isogeze purple yako katikati ya mstari, mwishoni weka neno lenye ndugu wengi kama night au day, uendelee na wimbo.