Buckner asibebeshwe lawama peke yake
Mnasema programu ya kompyuta imeicheza upya fainali ya besiboli ya Marekani ya 1986, ambayo kwa kweli Mets ndio walioshinda, na safari hii Boston Red Sox wamewafunga New York Mets. Sawa, ila je, programu ilimwacha Bill Buckner, mlinzi wa kituo cha kwanza wa Boston, uwanjani awamu ya 10 ya mechi ya sita? Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Vifundo vya miguu vilikuwa vinamsumbua, na Dave Stapleton, aliyezoea kuingizwa mwishoni kulinda badala yake, akaachwa benchi. Tena watu husahau: kabla mpira haujampita Buckner katikati ya miguu na kuwapa Mets ushindi wa mechi hiyo, mrusho wa Bob Stanley, mrushaji wa Boston, ulishampita mdakaji na ubao ukasoma 5-5! Na mechi ya saba ilikuwa bado. Tafadhali irudieni mara elfu, Stapleton akiwa ndani, mtuwekee matokeo yote.