Falka Kwanza, Sumaku Baadaye

Wanaosimulia habari za meli za mizigo zilizogeuzwa kulipua mabomu ya kutegwa baharini hupenda kuanza na sumaku. Kwa maoni yangu wanaanzia pasipo. Sumaku hulipua bomu lililotegwa kuhisi usumaku wa chuma cha meli, lakini kinachoirudisha meli bandarini ni kile kilichopakiwa falkani, yaani kwenye ghala za mizigo ndani ya meli, na jinsi mashine zake zilivyofungwa.

Wajerumani walilijua hilo mapema. Meli walizoziita Sperrbrecher, yaani wavunja vizuizi, walikuwa nazo tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika Vita vya Pili walitumia zaidi ya 100. Omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, iliimarishwa, falka zikajazwa vitu vinavyoelea, mizinga ya kutungulia ndege ikapandishwa sitahani, na baadaye ikaongezwa sumakuumeme. Kazi yake kubwa pwani ya Ufaransa ilikuwa kutangulia mbele ya nyambizi zinazoingia na kutoka bandari za Lorient au Saint-Nazaire.

Hesabu ya falka haihitaji injinia. Pipa tupu la lita 200 lina uzito wa kama kilo 20, hivyo likizamishwa hubeba kilo 180. Mapipa 5,000 ni tani 900 za kueleza meli. Falka ya mita za ujazo 1,500 ikitoboka ikiwa tupu humeza tani 1,500 za maji na zaidi. Ikiwa na mapipa hayo, nafasi iliyobaki kwa maji ni kama tani 500. Kazi iko kwenye ufungaji. Mapipa yasipokazwa, maji yakiingia yote hupanda kwa pamoja na kuisukuma milango ya falka kutoka chini, na milango hiyo iliundwa kuhimili mawimbi ya juu, si msukumo wa ndani. Tena meli iliyojaa mapipa matupu ni nyepesi mno: inakaa juu, rafadha (panga la kusukuma meli) inapiga hewa. Inabidi kutia farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, ya mchanga au mawe chini. Ukiizidisha, umekula ueleaji uliougharamia, na meli inayumba kwa mikupuo ya ghafla.

Halafu kuna mshtuko. Bomu lililolala chini ya bahari si lazima litoboe kitu. Gesi ya mlipuko huinyanyua meli nzima na kuiachia, mkuku, uti wa mgongo wa meli, ukapinda kama upinde. Kinachovunjika kwanza ni chuma cha kusubu: miguu ya pampu, vali, vikalio vya mashine. Swichi za umeme hujizima zenyewe, na sumaku nayo hufa papo hapo, meli ikiwa bado katikati ya mabomu. Mabaharia huvunjika miguu kwa kusimama magoti yakiwa yamekaza. Ndiyo maana magodoro mazito sitahani hayakuwa anasa.

Waingereza walijaribu njia hiyo hiyo kwa HMS Borde, meli ya makaa ya mawe waliyoitia sumaku kubwa mno mwishoni mwa 1939, baada ya bomu la sumaku la Kijerumani kuopolewa Shoeburyness, pwani ya Uingereza, tarehe 23 Novemba na kufunguliwa na ofisa wa jeshi lao la majini, John Ouvry, na wenzake. Borde ililipua mabomu kweli, lakini nayo ilipigika. Nguvu ya sumaku hupungua kwa mchemraba wa umbali. Ukitaka bomu lilipuke mbali mara mbili, unahitaji sumaku yenye nguvu mara nane. Ukiongeza nguvu maradufu, umbali unaongezeka kwa kama robo tu. Waingereza wakahamia kwenye meli mbili zinazokwenda sambamba, kila moja ikivuta nyaya zinazoelea na kupitisha umeme majini kwa vipindi, bomu likilipuka nyuma yao. Nadhani walifanya sawa, na kwamba Wajerumani nao hawakukosea: nyambizi haiwezi kungoja njia ifagiliwe siku nzima.

Kama nusu ya hizo Sperrbrecher zilipotea, na kwa sababu hiyo watu huziita meli za kujiua. Wangeangalia kwanza nini kilizizamisha. Agosti 1944, ndege na manowari za Washirika zilimaliza kadhaa pwani ya Ufaransa. Mapipa hayazuii roketi.

Mahali ambapo meli halisi haina mbadala ni kwa bomu la shinikizo. Hili husikia maji yanavyonywea chini ya chombo kinachopita, na hakuna waya unaoweza kuiga hilo. Ndiyo sababu baada ya vita Wamarekani walipitisha meli za majaribio katika maji ya Japani. Hapo mwendo wa pole ni kosa: ukipita polepole bomu halikusikii, unatangaza njia ni salama, kisha meli ya abiria inapita kwa kasi yake ya kawaida. Na kupita mara moja hakutoshi, kwa kuwa mabomu mengine yana kihesabu kinachoacha meli kadhaa zipite kwanza.

Tarehe 24 Julai 1987 meli ya mafuta Bridgeton, ikisindikizwa na manowari za Marekani kuelekea Kuwait, iligonga bomu karibu na kisiwa cha Farsi katika Ghuba ya Uajemi. Ilitoboka, ikaendelea na safari. Manowari zilizokuja kuilinda zikajipanga nyuma yake, kwenye mkondo wake.