Supu ya kongoro

Huku Leicester, Uingereza, Ijumaa tukitoka kazini wenzangu wanapitiliza pub, na kule wanakunywa kwa zamu, mkiwa sita kila mtu zamu yake inamhusu kununulia wote, sasa painti moja ni mililita 568 we piga hesabu mwenyewe, mimi nakaa na koka yangu nawaangalia tu. Wiki hiyo jamaa mmoja alipitiliza mpaka tukambeba kumpakia kwenye teksi.

Asubuhi nimelala, simu inachaji jikoni, ikaingia meseji ya mwenzetu kwamba jamaa jana alikuwa "hammered, plastered, totally legless". Shangazi akaisoma. Kiingereza kina maneno ya ulevi hayaishi jamani, Benjamin Franklin, yule mwenye gazeti kule Philadelphia, Marekani, mwaka 1737 alichapisha orodha yake yakapita 200, shangazi ana miezi michache tu hapa atayajulia wapi? Akaunganisha na Kiingereza chake cha shule: kijana wa watu kapigwa nyundo, kafungwa piopii (ile plasta ngumu ya mifupa), na miguu haipo tena.

Naamka grupu la akina mama wa kwaya limeshachafuka, ni vilio tu na mchango unaendelea.

"Baba amka! Unalalaje na rafiki yako hana miguu?"

"Shikamoo shangazi, hebu kwanza nikueleze..."

"Marahaba. Vaa viatu."

Tukatoka, mama watatu na vitenge vyao, chupa ya supu ya kongoro, na kiti cha magurudumu walichoazima stoo ya kanisa nakisukuma mimi. Nikifungua mdomo naambiwa wanaume wa siku hizi hamna huruma.

Tukagonga. Jamaa kafungua mwenyewe, yuko na boksa na soksi moja, macho nyanya. Shangazi akaangalia chini, mguu wa kwanza upo, wa pili upo, akaachia HALELUYAAA na pambio likapandishwa hapo hapo mlangoni sauti zote tatu, na jamaa ana hang'ova kichwa kinapasuka, akaziba masikio, akayumba, akajishikiza akakaa kwenye nini? Kwenye kiti cha magurudumu. Pambio likakata 😂😂

Supu aliimaliza yote na mfupa akaufyonza. Mchango shangazi kagoma kuurudisha, eti hata miguu iliyorudi ina gharama zake.

Jumatatu jamaa kanifuata kazini, anauliza wale mama Jumamosi huwa wanapita saa ngapi.