Kifaa cha mkononi cha kupima saratani ya ngozi: kitamfaa nani?

Januari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha DermaSensor, kifaa cha kushika mkononi kinachomulika doa la ngozi na kusoma jinsi mwanga unavyotawanywa na seli. Hakikati wala kuchoma. Papo hapo kinamwambia daktari amtume mgonjwa kwa bingwa wa ngozi au aendelee kulifuatilia doa. Kimetengenezwa kwa ajili ya madaktari wasio mabingwa, na kwa wagonjwa wa miaka 40 na kuendelea.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Saratani ya ngozi ikiwahiwa hutibika, na anayeiona kwanza mara nyingi ni daktari wa kawaida. Katika majaribio, saratani zilizowapita madaktari hao zilipungua kutoka asilimia 18 hadi 9 walipokitumia. Hao ni watu ambao vinginevyo wangerudishwa nyumbani na ugonjwa wao.

Lakini tazama upande wa pili. Kifaa kilinasa takriban asilimia 96 ya saratani, ila kati ya madoa yasiyo na saratani kiliyatambua kuwa salama asilimia 21 tu. Maana yake, katika kila madoa 100 yasiyo na saratani, karibu 79 yanapewa jibu la kutia hofu. Kwenye mabingwa na maabara za kutosha, hofu hiyo huisha kwa kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipima. Pasipo na huduma hizo, mgonjwa anabaki na wasiwasi na nauli ya kwenda hospitali ya rufaa. MelaFind, kifaa kingine cha kupima madoa ya ngozi kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2011, kilikuwa na kasoro hiyohiyo ya kushuku karibu kila kitu, na hakikudumu sokoni.

Linalonisumbua zaidi ni ngozi iliyopimwa. FDA yenyewe ilimwagiza mtengenezaji aendelee kukijaribu kwa makundi ambayo melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, haikuonekana vya kutosha katika utafiti wa awali. Kwa watu weusi, melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Nao ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwaua wakiwa bado vijana, wengi hawafikii hata hiyo miaka 40 iliyowekwa.

Kwa hiyo sikikatai, ila nataka kipimwe kwanza kwenye ngozi zetu. Pa kuanzia papo: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho kimewahudumia watu wenye ualbino kwa miaka mingi. Hadi majibu yapatikane, fedha ziende kwenye mafuta ya kukinga jua, kofia pana, na afisa tabibu anayejua kwamba kidonda kisichopona usoni au shingoni mwa mtu mwenye ualbino hakisubiri kliniki ijayo.