Subiri Kwanza, Dokta

Mzee alitoka Kilwa, figo zimekwisha, na ilibidi aanze kusafishwa damu usiku uleule. Hakuwa na fistula mkononi, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili itumike kusafishia damu, kama wengi wanaofika kwetu mambo yakiwa yameshaharibika, hivyo akawekwa katheta, mrija wa plastiki, kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Wagonjwa wenyewe huuita mpira wa shingoni. Mimi ndiye niliyekuwa nampa daktari vifaa. Alinawa, akavaa glavu zilizotakaswa, akapaka iodini, yote sawasawa. Alipokuwa anapitisha ule waya mwembamba unaoongoza katheta, mkia wake ulipinda, ukagusa blanketi, ukarudi. Yeye hakuona, macho yake yalikuwa kwenye sindano. Mimi niliona, nikanyamaza.

Siku ya sita, akiwa kwenye mashine, mzee alianza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Mkewe akaniuliza, "Sista, mbona baba anatetemeka hivi na nimemfunika blanketi mbili?" Damu ilipooteshwa maabara, walikutwa bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya binadamu yeyote. Katheta ikatolewa, antibayotiki zikaanza, ndugu wakachangishana mpaka wakaishiwa. Baada ya wiki mbili tukamfunika shuka. Msibani watu walisema kazi ya Mungu haina makosa. Nakubali. Yetu inayo.

Sisemi kwamba ni lile blanketi lililomuua. Bakteria wana njia nyingi za kuingia. Ninachosema ni kwamba nilikuwa na maneno matatu ya kusema, na sikuyasema kwa sababu yeye ni daktari na mimi ni nesi.

Ncha ya katheta hii hukaa karibu kabisa na moyo. Bakteria akipanda nayo kutoka kwenye ngozi, au akapenya ndani kupitia mdomo wa katheta unapofunguliwa na kufungwa kila mgonjwa anapounganishwa na mashine, ameshafika kwenye damu na hana kizuizi tena. Hujishikiza kwenye plastiki, hujijengea utando, na mara nyingi dawa peke yake haimtoi mpaka katheta yenyewe ing'olewe.

Mwaka 2001, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, daktari Peter Pronovost aliandika hatua tano kwenye karatasi. Kunawa mikono. Kusafisha ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Kumfunika mgonjwa shuka zilizotakaswa mwili mzima, na anayeweka katheta avae kofia, barakoa, gauni na glavu. Kukwepa mshipa wa kinenani inapowezekana. Kuitoa katheta mara isipohitajika. Hakuna hata moja ambayo mwanafunzi wa uuguzi haijui. Lakini wauguzi walipoombwa watazame kimyakimya kwa mwezi mmoja, walikuta kwamba kwa zaidi ya theluthi ya wagonjwa, daktari aliruka angalau hatua moja.

Hapo ndipo uongozi ulipofanya jambo ninalolipenda kuliko karatasi yenyewe: uliwapa wauguzi mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua. Si kumshauri wala kumripoti kesho yake. Ni kumsimamisha palepale, na uongozi ukasimama nyuma yao.

Mpango huo ukapelekwa jimbo la Michigan, kwenye wodi zaidi ya 100 za wagonjwa mahututi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kabla ya kuanza, kiwango cha kati kilikuwa maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 za katheta (mgonjwa mmoja akikaa nayo siku moja, hiyo ni siku moja ya katheta). Ndani ya miezi mitatu kilishuka hadi sifuri, yaani nusu ya wodi hizo au zaidi hazikuwa na maambukizi hata moja. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa pale.

Najua kuna atakayesema hiyo ni Marekani. Ni kweli, kwetu klorheksidini huisha, na shuka kubwa zilizotakaswa hazitoshi. Nimewahi kumwandikia ndugu wa mgonjwa karatasi akanunue glavu famasi saa nane usiku. Hayo ni ya kupigania kwenye bajeti, na kuanzia tunaweza kuanza na kitoroli kimoja chenye kila kitu, ili mtu asifungue kabati tatu akaishia kusema "tufanye hivyohivyo". Ila mdomo wa nesi haununuliwi bohari ya dawa. Unafungwa na woga, na sisi woga huo tumeuita heshima. Kumkatiza mkubwa mbele ya mgonjwa tumefundishwa tangu nyumbani kuwa ni utovu wa adabu.

Na sisi wauguzi tunayo yetu. Mdomo wa katheta unatakiwa kusuguliwa kwa spiriti kwa sekunde 15, kisha uachwe ukauke kabla ya kuunganisha mrija. Hesabu hadi 15 taratibu, mashine nyingine inalia na mgonjwa wa pembeni anatapika, uone zilivyo ndefu. Tunazikata. Naye daktari akituona tunazikata, atuambie.

Hata wagonjwa wa figo waelezwe mapema. Fistula huchukua wiki kadhaa kukomaa, kwa hiyo mazungumzo yake yaanze kliniki, mgonjwa akiwa bado anatembea mwenyewe.

Ninachoomba kwa mganga mfawidhi yeyote atakayesoma hapa ni barua moja, yenye sahihi na muhuri wake, ibandikwe ukutani juu ya kitoroli cha katheta. Iseme kwamba muuguzi akiona hatua imerukwa atasema "Subiri kwanza, Dokta," na daktari atasubiri, awe intern au bingwa. Iseme pia kwamba muuguzi huyo hataitwa ofisini kesho yake asubuhi.