Vita Huanzia Ghalani

Niliweke wazi mapema: kwangu mimi, gemu bora ya vita kuwahi kutengenezwa ni Age of Empires II, na ukitaka nikuonyeshe ubora wake sitakuonyesha mapanga. Nitakuonyesha kondoo.

Gemu hiyo ilitoka 1999, kazi ya Ensemble Studios chini ya Microsoft. Mchezo unapoanza huna jeshi. Una jengo la mji, wanakijiji watatu na mpanda farasi mmoja wa kupeleleza, na ramani yote ni giza. Hapo karibu kuna kondoo wachache. Kila kondoo ana chakula 100, na mwanakijiji mpya anagharimu 50. Kondoo wakipatikana mapema, watu wanaongezeka. Wakichelewa, mji unakaa bure huku mwenzako anazidi. Yuko pia nguruwe mwitu, nyama yake 340, ila huyo ni hatari: mwanakijiji anamchokoza kwa mshale, anageuka mbio, nguruwe nyuma yake, mpaka kwenye jengo la mji ambako wenzake wanamngoja wamvamie pamoja. Mkono ukichelewa kidogo kwenye kipanya, mtu amekufa na adui hata hamjaonana.

Na bei haziishi hapo. Kuvuka kwenda zama za pili ni chakula 500. Za tatu ni chakula 800 na dhahabu 200. Za mwisho ni chakula 1000 na dhahabu 800. Ngome moja inameza mawe 650. Mpanda farasi mwenye silaha nzito anataka chakula 60 na dhahabu 75, na dhahabu ya ardhini inakwisha, haioti tena. Kwa hiyo ukiona kikosi cha farasi arobaini kinashuka kilimani, unachokitazama hasa ni mashamba, ni mashoka, ni watu waliokuwa wakichimba nusu saa nzima bila kupumzika.

Haya niliyajua kwenye saiba ya mtaani, Majengo ya Mombasa, miaka ile monita zilikuwa na mgongo mnene na kompyuta zimeunganishwa kwa waya zilizopita chini ya miguu yetu. Ulikuwa ukilipa kwa saa, na waliokosa nafasi walisimama nyuma ya kiti chako wakitazama. Kaka mmoja mkubwa, aliyekuwa hodari kutushinda sote, alipita nyuma ya viti na neno lake lilikuwa moja: "We dogo, watu wako wamelala! Watie shambani!" Hakuna siku niliyomsikia akimwambia mtu ashambulie. Alikuwa akitazama kona ya kioo, pale chakula na mbao zinapohesabiwa, na kutokana na nambari zile alijua nani atashinda kabla upanga haujatoka alani. Nilikuja kuona kwamba alikuwa na haki kabisa. Mambo ya mkuki kumshinda farasi, mshale kumshinda mkuki, yanafundishika kwa siku moja. Kuendesha ghala kunataka akili ya muda mrefu.

Gemu ya pili moyoni mwangu ni Stronghold Crusader ya 2002, ya Firefly Studios, na hiyo imeipeleka fikra hii mbali zaidi. Vita vyake viko jangwani, zama za Salahuddin na Mfalme Richard wa Uingereza. Ngano haioti popote utakapo. Inaota kwenye vipande vya majani mabichi tu, na vipande hivyo ni vichache, basi vita vya mwanzo ni vya kugombea majani. Ukishapata shamba bado huna mkate. Ngano ivunwe, ipelekwe kinuni, unga uende kwa mwokaji, mkate uingie ghalani. Mtu anaupeleka kwa miguu, unamwona anatembea na mzigo wake. Kinu na tanuri vikiwa mbali na ghala, watu watakula nusu posho. Wakila nusu posho, mapenzi yao kwako yanashuka, na yakishuka sana wanahama, mmoja mmoja, wanakuachia kuta. Unaweza kuwa na minara mirefu kupita yote na bado ukashindwa kwa sababu uliweka mwokaji mahali pabaya. Sijaona gemu ya siku hizi inayosema ukweli huu kwa uwazi namna hiyo.

Nauita ukweli kwa sababu sisi wa Mombasa ushahidi wake uko mlangoni. Nenda Fort Jesus, simama kwenye pembe yake moja. Mtaliano Giovanni Battista Cairati aliichora hivi kwamba mzinga wa pembe moja unalinda ukuta wa pembe ya pili, na Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 wakiamini hakuna wa kuivunja. Waomani walipoizingira Machi 1696, kuta zilisimama kama zilivyochorwa. Zikaendelea kusimama mpaka Desemba 1698. Waliokwisha ni watu wa ndani: maradhi, njaa, misaada iliyochelewa, meli ya Santo António de Tanná iliyokuja kuokoa ikazama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Waomani walipopanda hatimaye, ndani walikuwa wamebaki wachache mno. Vitu vilivyotolewa kwenye meli ile vimo ndani ya makumbusho ya ngome, na kila ninapovitazama naona ghala tupu na mikate iliyokoma. Watalii wanaoneshwa mizinga. Mimi ningewapeleka kwanza kwenye kisima na birika la maji.

Nikija kwenye Command & Conquer: Generals ya 2003, hapa mapenzi yangu yana doa. Kama mchezo, ni mzuri ajabu. Pande tatu, Marekani, Uchina na GLA, jeshi la waasi la kubuniwa, na kila upande unaendesha uchumi kwa njia yake: Wamarekani wanabeba shehena kwa helikopta, Wachina wanaweka wadukuzi wanaochuma pesa wamekaa kitako, na GLA wana vibarua wanaotembea kwa miguu, ambao kwenye nyongeza yake ya Zero Hour unaweza kuwanunulia viatu wakaenda kasi zaidi. Majengo ya GLA hayataki umeme, mashimo yao yanaungana chini ya ardhi, na gari la adui likivunjwa wanaokota vyuma na kuboresha silaha. Ni upande wa mnyonge mwenye akili, na saibani kila mtu aliutaka. Lakini watu hao hao wamevalishwa vilemba, wamepewa lafudhi ya Kiarabu, na kazi yao ni kujilipua na kumwaga sumu. Kijana wa Kibokoni, ambaye babu yake hutoka msikitini na kilemba kichwani, anacheza huku akiambiwa sura hiyo ni ya gaidi. Lilinikera wakati ule na linanikera sasa. Naitambua kazi ya mikono ya waliotengeneza, na nafurahi kwamba Februari 2025 Electronic Arts iliutoa hadharani msimbo wake, yaani maandishi ya programu yake, watu wakaweza kuurekebisha. Wa kwanza kurekebishwa, kwa maoni yangu, wawe watu wa GLA.

Nyingine nitazipita mbio. Red Alert ya 1996 ina kisa kitamu, Einstein anarudi nyuma kumwondoa Hitler na dunia ikaangukia mikononi mwa Stalin, lakini mwisho wa siku ni kurundika vifaru na kuvituma. StarCraft ya 1998 naiheshimu. Inataka vidole vyepesi kuliko nilivyojaliwa. Commandos, ya Wahispania wa Pyro Studios, haina ghala wala shamba, ni wanaume wachache nyuma ya mistari ya adui, na subira. Ile naipenda kwa sababu nyingine kabisa: inakulazimisha kutazama askari wa doria anavyogeuza shingo, dakika nzima, kabla hujapiga hatua.

Kinachonisikitisha ni gemu nyingi za vita za kwenye simu, ambazo ndizo wadogo zetu wanazicheza sasa. Zimechukua mashamba na migodi ya gemu za zamani zikaviuza. Mnara unajengwa kwa saa nane, na ukitaka usisubiri, lipa. Hapo akiba haina thamani tena, wala mpangilio. Mwenye pesa nje ya mchezo anamshinda mwenye akili ndani ya mchezo. Saibani tulilipa saa sawa, tukaanza na wanakijiji watatu sawa, mtoto wa tajiri na mtoto wa msukuma mkokoteni. Usawa huo ulikuwa nusu ya utamu.

Sasa nifike kwenye deni ambalo sisi tunazidai gemu hizi. Mwaka 2015 Age of Empires II iliongezewa falme za Afrika: Waberberi, Wahabeshi, Wamali. Nilifurahi. Pamoja nao wakaingia Wareno, na kampeni waliyopewa, yaani mfululizo wa vita vyenye kisa, ni ya Francisco de Almeida, yaani wewe mchezaji ndiye Almeida. Huyo ndiye aliyeipiga Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Kwenye gemu nyingine, Civilization VI, Zanzibar imo, ila ni mji mdogo wa kutoa karafuu na mdalasini kwa dola itakayoipata. Pwani yetu inachezewa juu yake, yenyewe haichezi.

Na ingefaa sana! Mle ndani ya Age of Empires, meli ya biashara inaleta dhahabu nyingi zaidi kadiri bandari ya pili inavyokuwa mbali. Hiyo ndiyo Kilwa, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake yenyewe. Wapeni Waswahili mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Wapeni kaskazi na kusi, meli ziende mbio msimu mmoja na kurudi mbio msimu mwingine, ili mchezaji ajifunze kungoja upepo. Nyumba zao ziwe za mawe ya matumbawe, ghali kuzijenga, ila raia wakiingia ndani waweze kupigana kutoka juu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa 1505: Wareno walipoingia vichochoroni, mawe na mishale vilishuka kutoka kwenye madari. Udhaifu wao uwe ule ule wa kweli, Mombasa na Malindi hazipatani, na adui anaweza kumnunua jirani yako.

Hatuna haja ya kungoja kampuni itukumbuke. Chombo cha kuchora ramani na kupanga vita kimo ndani ya gemu tangu 1999. Kisiwa chetu kinachoreka: Kilindini upande mmoja, Tudor upande wa pili, kivuko cha Makupa kwa wanaotoka bara, mji umekaa pale ulipo Mji wa Kale leo. Wako vijana Mombasa hii wanaoweza kuifanya kazi hiyo kwa ustadi kunishinda mimi. Atakayeichora ya 1505 aniite niijaribu, na nitacheza upande wa wenye mji.